Ukiambiwa "Tuma Kwanza ya Fomu" Ujue Hapo Hakuna Kazi

Leo hakuna umbea wa mastaa, samahani sana. Leo tuongelee kitu kinachotula sisi wenyewe kimya kimya, hasa sisi tuliomaliza shule na kila siku tunawaambia wazazi "mambo yatakaa sawa". Kazi feki.

Huku kwetu msimu wa kahawa ukianza kuna mavuno mawili. Kuna ya mzee shambani: anachuma, anaanika, anapeleka chama cha msingi. Halafu kuna ya jamaa ambao hata sura zao hatuzijui. Wao wana simu tu na laini tano mezani, na shamba lao ni sisi. Hela ikishaingia nyumbani, ndipo barua za "Hongera umechaguliwa" zinapopata watu wa kuzilipia.

Najuaje? Mimi ni fomu foo tu, nafanya kazi steshenari hapa Omurushaka. Natoa kopi, naprinti, naskani vyeti, nachapa barua, najazia watu maombi ya kazi kwenye Ajira Portal. Mtu akitumiwa barua ya kazi WhatsApp, hakai nayo kwenye simu. Anataka itoke kwenye karatasi, tena kwa rangi, akamwonyeshe baba. Kwa hiyo nyingi nimezishika mkononi kabla hela haijatumwa. Za kweli nimeziona, za uongo nimeziona nyingi zaidi.

BARUA YENYEWE IKOJE

Juu kuna nembo ya taasisi kubwa, ila imevutwa mpaka imenenepa. Chini kuna muhuri wa bluu ambao haujagongwa, umebandikwa na kompyuta. Ukiuangalia vizuri, maandishi yanapita juu ya muhuri wakati ilitakiwa muhuri upite juu ya maandishi. Jina lako liko kwenye mwandiko tofauti na barua yote, kwa sababu barua ni ile ile, majina tu ndiyo yanabadilishwa. Mshahara wa kuanzia 1,850,000 kwa mtu wa fomu foo, pamoja na nyumba, usafiri na bima ya familia. Usaili hakuna. "Umechaguliwa kutokana na vigezo vyako." Vigezo gani sasa, na wewe hukuomba?

Halafu inakuja sentensi ya chini kabisa, ndiyo barua yenyewe hasa: "Utalipia fomu shilingi 25,000, itarudishwa kwenye mshahara wa kwanza."

Elfu 25 siyo mwisho, huo ni mlango. Ukituma, kesho yake unaambiwa kuna vipimo vya afya vya daktari wa kampuni, 60,000. Ukituma, kuna sare na kitambulisho, 85,000. Ukituma, anapiga mtu mwingine mwenye sauti nzito, anajitambulisha kama afisa utumishi, anasema mfumo umekataa jina lako na kuna mwenzako anaitaka hiyo nafasi, ongeza 150,000 kabla ya saa kumi jioni. Jumla hapo ni 320,000. Wangekuambia 320,000 siku ya kwanza ungecheka. Ila kila hatua unaambiwa ni ya mwisho, na kila hatua unaogopa kupoteza ulichokwisha toa. Mtu hatumi ile 150,000 kwa sababu anaamini sana. Anatuma kwa sababu 170,000 imeshaenda na anataka kuifuata.

Na jamaa wanajua kuchagua majina. Wanapenda miradi inayosikika redioni. Bomba la mafuta ghafi la kutoka Hoima Uganda hadi Chongoleani Tanga, kilomita 1,443, linakatiza mkoa wetu. Kuna nikeli ya Kabanga kule Ngara. Kuna hifadhi zetu mbili, Ibanda-Kyerwa na Rumanyika-Karagwe, zilizopandishwa kuwa hifadhi za taifa mwaka 2019. Kuna mashirika ya Umoja wa Mataifa, ambayo kila mtu wa Kagera ameyasikia tangu enzi za wakimbizi. Vyote hivyo ni vya kweli. Ndiyo maana uongo unashika: jina la mradi ni halali, tangazo tu ndilo la mwizi.

SIYO KWAMBA WATU NI WAJINGA

Hapa ndipo huwa nagombana na watu wa mitandaoni. Mtu akisema amepigwa, wanakuja na vicheko. "Mpaka leo kuna watu wanatapeliwa?" Ndugu yangu, hebu angalia hesabu kwanza.

Juni 2014 Idara ya Uhamiaji iliita watu kwenye usaili Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Walijitokeza zaidi ya 10,000. Nafasi zilikuwa 70. Gawanya: watu 142 na kitu kwa kiti kimoja. Mwaka 2025 TRA ilitangaza nafasi 1,596, waombaji wakapita laki moja. Sasa wewe umekaa Kaisho au Mabira, umeomba mara kumi na moja, hujawahi hata kujibiwa "hapana". Siku moja simu inaita, mtu anakutaja jina lako la tatu, anajua shule uliyosoma, anakuita "mheshimiwa mtumishi mtarajiwa". Nani kakuita hivyo tena tangu umalize shule?

Kuna jambo la pili, na hili ndilo kubwa kwangu. Utapeli wa kazi unaota juu ya imani tuliyonayo sisi wenyewe, kwamba kazi haipatikani bila konekisheni. Tumelelewa hivyo. Mama anasema "bila mtu huko juu hupati kitu". Mjomba anasema "tafuta wa kumpoza". Kwa hiyo mtu akiombwa hela ya kazi, hashtuki. Anaona ndivyo dunia ilivyo, tena anashukuru kwamba hatimaye na yeye kapata wa kumpa! Tapeli hakufundishi kitu kipya. Anakusubiri pale pale ulipofundishwa na nyumbani.

Na ujanja wake mwingine uko hapo hapo. Akishakuambia "hii tuifanye kimya, ni nafasi ya ndani", amekufanya mshirika. Ukishalizwa unaogopa kwenda polisi, unajiuliza utasemaje, kwamba nilikuwa nahonga? Unanyamaza. Ukinyamaza, barua ile ile inahamia kwa jirani yako ikiwa na jina lingine. Mimi si mwanasheria, ila hili nalijua: mtu aliyeambiwa alipie fomu ya kazi isiyokuwepo ametapeliwa. Kujipatia mali kwa udanganyifu ni kosa kwenye Kanuni ya Adhabu, na kufanya udanganyifu kwa njia ya kompyuta na simu kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Mwenye kosa ni yule aliyedanganya. Na kama ni ofisa wa kweli anakuomba rushwa ya kweli, huyo ana namba yake: 113, TAKUKURU, kupiga ni bure.

KIJANA WA NKWENDA

Kuna aina nyingine ambayo haina barua kabisa. Hii inakuja na sauti ya rafiki yako.

Kuna kijana wa upande wa Nkwenda, jina namhifadhi, tulisoma naye. Kimya, mpole, mpira anaujua. Alipigiwa simu na mwenzake aliyekuwa mkoa mwingine, akaambiwa kuna kampuni ya kusambaza bidhaa kutoka nje inatafuta vijana wenye cheti cha kidato cha nne. Kianzio ni 1,300,000 kwa ajili ya mafunzo na makazi, kazi inaanza ukifika.

Nyumbani hakukuwa na milioni. Kulikuwa na kahawa, tena bado haijaiva. Mzee wake akaiuza butura. Kwa wasiotoka huku: butura ni pale mwenye hela anapokununulia kahawa ikiwa bado mtini haijaiva, kwa bei anayoitaka yeye, maana wewe una shida leo. Serikali imepiga marufuku mara kibao, lakini shida haijui marufuku. Mzee aliuza butura kwa siri, akampa mtoto nauli juu.

Wiki tatu baadaye kijana akanipigia. "Kaka, kuna fursa." Nilimsikiliza mpaka mwisho. Sentensi hazikuwa zake. Alikuwa anasema "muda ndio mtaji" na "usiruhusu familia ikuue ndoto". Huyu mtu tangu darasa la kwanza sijawahi kumsikia akiongea hivyo, alikuwa kama anasoma mahali. Nikabadilisha lugha, nikamuuliza kwa Kinyambo kama leo ameshakula. Akanyamaza. Nilisikia watu wengi nyuma yake, kila mtu yuko kwenye simu. Kisha akajibu kwa Kiswahili, "Tutaongea kaka", akakata.

Aliporudi ndipo nikajua. Nyumba ya vyumba vitatu, vijana zaidi ya ishirini, wanalala chini kwa zamu. Bidhaa hakuziona, aliziona kwenye picha. Siku ya pili alipewa daftari aandike majina ya watu hamsini anaowafahamu: ndugu, walimu, marafiki wa kanisani. Kazi ilikuwa hiyo. Kuwapigia wale hamsini ili na wao waje na 1,300,000 zao. Simu hawakumnyang'anya, maana simu ndiyo jembe lenyewe. Hakuwa amefungwa kamba, mlango ulikuwa wazi. Kilichomfunga ni kahawa ya mzee. Angetokaje bila kuirudisha?

Alikaa miezi mitatu. Alirudi kwa nauli ya shangazi. Na hakwenda nyumbani. Alikaa wiki mbili hapa Omurushaka kwa rafiki, kilomita chache tu kutoka kwao, kwa sababu msimu ulikuwa umeiva na hakutaka kumkuta mzee amekaa mlangoni anaangalia watu wengine wakichuma kwenye miti yake.

Kwa hiyo mtu akiniambia "ni laki tatu tu, atajifunza", namwangalia tu.

KAZI ZA KWENYE SIMU NA KAZI ZA NG'AMBO

Kuna na hizi za "fanya kazi nyumbani". Unaongezwa kwenye grupu la Telegram, unaambiwa gusa video, unalipwa 2,000. Unalipwa kweli! Halafu unaambiwa ili upande ngazi uweke 50,000. Mwanzoni mwa 2025 nchi nzima ilisikia habari ya Leo Beneath London, wengi wakiiita LBL. Watu waliweka hela ili walipwe kwa kuangalia matangazo ya filamu kwenye simu. Kisha hela zikawa hazitoki, polisi wakaanza kukamata. Wakubwa zetu nao walikuwa na DECI mwaka 2009, ile ya kupanda mbegu ili uvune. Jina linabadilika, biashara ni moja: anayeingia leo ndiye anayemlipa aliyeingia jana, mpaka siku wapya wanapoisha. Jiulize swali moja tu: kampuni gani inakuajiri halafu wewe ndiye unaiwekea mtaji?

Na ng'ambo. Sisi tuko mpakani, Murongo ukivuka Mto Kagera uko Kikagati, Uganda. Kwa hiyo huku wakala wa Uarabuni hahitaji hata kukupitisha Dar. Anasema tutapitia upande wa pili, pasipoti itajulikana mbele. Akikwambia hivyo, simama. Mwaka 2017 Human Rights Watch walitoa ripoti kuhusu wafanyakazi wa ndani kutoka Tanzania waliokwenda Oman na Falme za Kiarabu: pasipoti kushikiliwa, mshahara kukatwa au kutolipwa, kazi kutwa bila mapumziko. Wapo wanaokwenda wakarudi wamejenga, sikatai, ninao ndugu wa namna hiyo. Tofauti mara nyingi ni mkataba ulioandikwa na ambao serikali inaujua, na njia iliyo wazi. Mwaka 2022 serikali ya Kenya ilihangaika kurudisha vijana wake walioahidiwa kazi nzuri Thailand wakajikuta Myanmar, wamefungiwa kwenye majengo wakilazimishwa kutapeli watu mtandaoni. Yaani tapeli anayekuandikia usiku naye huenda alianza kwa kuomba kazi. Tanzania tuna sheria dhidi ya usafirishaji haramu wa binadamu tangu 2008, lakini sheria haiwezi kukushika mkono ukiwa umeshavuka usiku.

MIMI NAANGALIA NINI MTU AKINILETEA BARUA

Siangalii kwanza nembo. Nembo mtu yeyote anaipakua. Naangalia hivi:

1. Hela inaelekea wapi? Kazi ni hela kutoka kwa mwajiri kuja kwako. Ikianza kutoka kwako kwenda kwake, iwe ya fomu, vipimo, sare, bima au "kushika nafasi", mimi nafunga mjadala hapo. Umoja wa Mataifa wametangaza wazi kwamba hawachukui ada hatua yoyote ya kuajiri. Kuomba kazi serikalini kupitia Sekretarieti ya Ajira ni bure. Hata Shirika la Kazi Duniani, kwenye Mkataba wake namba 181 wa mwaka 1997, linasema wakala wa ajira hatakiwi kumtoza mtafuta kazi.

2. Inalipwa kwa namba ya nani? Serikali inapokea malipo kwa kontroo namba. Haipokei kwenye laini ya mtu ambaye jina likitokea ni la mama mmoja hivi. Na tapeli akikuambia "hilo jina ni la mhasibu wetu", basi mhasibu huyo ana laini nyingi kuliko wakala wa pale stendi.

3. Anwani ya tovuti inaishaje? Za serikali zinaishia na .go.tz. Sekretarieti ni ajira.go.tz, na maombi ni portal.ajira.go.tz. Ukiona neno ajira liko mwanzoni lakini mwisho ni .com, .xyz au blogu ya bure, hiyo siyo. Soma mwisho wa anwani, kabla ya mkwaju wa kwanza. Hapo ndipo ukweli ulipo.

4. Uliomba? Ulifanyiwa usaili? Majina ya wanaoitwa usaili wa serikali hutoka kwenye tovuti na kwenye akaunti yako. Hayatoki kwa mtu aliyekuotea WhatsApp saa nne usiku.

5. Haraka na siri. Vikija pamoja, kimbia. "Kabla ya saa kumi" na "usimwambie mtu" ni maneno ya mtu anayeogopa usipate muda wa kuuliza.

6. Kampuni ipo? Jina unaweza kulitafuta kwenye mfumo wa BRELA. Wakala wa ajira anatakiwa kuwa na leseni, na TaESA, chombo cha serikali cha huduma za ajira, ndio wa kuulizwa. Lakini kuwa makini: kampuni kuwepo haimaanishi aliyekupigia anatoka huko.

7. Wanataka nini zaidi ya hela? Cheti halisi usimwachie mtu. Namba ya siri na zile tarakimu zinazotumwa kwenye meseji hakuna mwajiri anayezihitaji. Kama ulishatuma picha ya kitambulisho cha NIDA kwa mtu usiyemjua, bonyeza *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa jina lako. Ukiikuta usiyoijua, nenda kwenye ofisi ya mtandao husika.

Na niseme na upande wa pili, nisije nikawatia watu woga mpaka wakose kazi za kweli. Siyo kila tangazo baya ni la mwizi. Hapa Kayanga kuna shule binafsi inatumia barua pepe ya bure na tangazo lake lina makosa ya kuandika kila mstari, na inaajiri kweli na inalipa. Kuna mnunuzi wa kahawa anatafuta karani kwa maneno ya mdomo tu, hana hata nembo. Halafu kuna barua ya tapeli imenyooka kama ya ikulu. Kwa hiyo uzuri wa karatasi usikudanganye pande zote mbili. Uliza hela inatembea kwenda wapi. Ukianza kazi, dai maelezo ya ajira yako kwa maandishi, ni haki yako kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004.

UTAMWAMBIAJE MTU WAKO

Kumwambia ndugu yako "huyo ni tapeli" mara nyingi hakusaidii. Anasikia unamwambia "wewe ni mjinga" na "wewe huwezi kuajiriwa". Anakuona una wivu. Tapeli mwenyewe amemuandaa kwa hilo, ameshamwambia "kuna watu watataka kukurudisha nyuma".

Binamu yangu aliletewa barua ya shirika moja kubwa. Baba yake, yaani baba yangu mdogo, alikuwa ameshaomba hela kwa mnunuzi wa kahawa, bado kuipokea tu. Alikuja steshenari akiwa amevaa vizuri kabisa, kama ndio anakwenda kuripoti. Sikusema kitu kuhusu barua. Nilimwomba kitu kimoja: tutafute namba ya ofisi ya hilo shirika sisi wenyewe, kwenye tovuti yao, siyo ile iliyoko kwenye barua. Kisha tupige tukiwa na baba mdogo, simu ikiwa kwenye spika.

Tukapiga. Dada wa mapokezi akaomba tusome kumbukumbu namba ya barua. Binamu akasoma. Dada akasema kwa upole kabisa kwamba hawana nafasi hiyo, na kwamba sisi si wa kwanza kuuliza wiki ile. Baba mdogo hakugomba. Alisema tu, "Basi waitu, tumshukuru Mungu hela bado haijatoka." Binamu alilia. Hakulilia hela, maana hela ilikuwepo. Alikuwa ameshawaambia marafiki zake wote, na alikuwa ameshaaga kwaya.

Hilo watu hawalihesabu. Kazi feki hata isipokula shilingi, inakula ile wiki uliyoishi ukijua maisha yako yameanza. Kwa hiyo ukimwokoa mtu, usimwache pale pale penye aibu. Sisi tulikaa naye siku hiyo hiyo tukamfungulia akaunti ya kweli ya Ajira Portal, tukaandika upya CV yake. Kazi bado hajapata, nisiwadanganye. Anauza nguo mnadani na anaomba kila wiki.

KAMA UMESHATUMA

Usilale nayo. Piga 100 ya mtandao wako dakika hiyo hiyo, eleza, omba muamala uzuiwe. Hela ikiwa haijatolewa kuna nafasi. Usifute meseji hata moja, piga skrinshoti, andika namba, saa na kiasi. Nenda polisi ufungue taarifa upewe RB. Ile meseji ya utapeli itume kwenda 15040 pamoja na namba iliyokutumia, ni huduma iliyowekwa na TCRA kwa ajili hiyo. Na akikupigia mtu kusema anaweza kuirudisha hela yako ukimlipa kidogo, huyo ni yule yule, au ni ndugu yake.

Halafu mwambie mtu mmoja nyumbani. Yule kijana wa Nkwenda aliponiruhusu niandike haya, alisema kilichomuuma zaidi ya milioni ni zile wiki mbili alizojificha. Mzee wake alipomwona alimuuliza kama ameshakula. Sasa wanalima pamoja, deni la butura limeisha msimu uliofuata, na ile orodha ya majina hamsini aliichana. Wengine aliokuwa ameshawapigia aliwatafuta mmoja mmoja akawaambia wasije.

Mtumie huyu mdogo wako aliyemaliza shule mwaka huu, kabla hajatumiwa ile barua nyingine. Na ukiwa Omurushaka na barua unayoitilia shaka, pita steshenari. Kuangalia ni bure. Kuprinti ndiyo naomba 200, ya rangi 500.